Siyo Gari la Binafsi

Mwanangu Idrisa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si bibi yako, si rafiki zangu wa bwenini, na hata ninapoomba dua huwa nalipita pembeni. Shomari wakala hakumwibia babu yako. Bima ya lile gari niliiharibu mimi.

Nimeanza na hilo makusudi, kwa sababu najijua. Ningeanza na salamu, ningezunguka na salamu mpaka karatasi iishe.

Hapo juu ungecheka nilivyokuita mwanangu, kama sentensi iliyofuata ingekuwa nyingine. Unanizidi miaka mitatu. Una ndevu, una leseni, na kesho asubuhi unahamia Mikumi kuendesha gari lako mwenyewe, wakati mimi nabaki hapa Kilosa nasubiri matokeo ya kidato cha sita. Lakini mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa wa kwanza kwa mama na mimi ni wa mwisho, na mtoto wa dada yako ni mtoto wako hata kama alikutangulia kutambaa. Siku ya msiba wake ulikuwa unalia hutaki kuingia ndani. Wanawake wakanitafuta uani, wakanikuta natafuna muwa, wakanisukuma mbele yako, wakakuambia unyamaze, mama yako huyu hapa. Ulinitazama, ukautazama muwa, ukalia zaidi. Hiyo umenisimulia wewe. Mimi nakumbuka muwa tu.

Baada ya hapo bibi yako akakulazimisha kuniamkia kila siku, nawe ukaitafutia njia. "Shikamoo mama mdogo, leo godoro limelala kavu?" Nami naitikia marahaba kwa sauti ya chini, maana bibi anasikiliza. Tumekua hivyo, wewe ukitania, mimi nikinyamaza, na watu wakasema huyu binti ni mpole. Si upole. Ni woga, ila mtoto wa kike akiwa mwoga watu humsifu.

Sitakuandikia mambo ya kula kwa wakati, wala wasichana wa Mikumi, wala kufunga mlango kwa kufuli mbili. Hayo bibi yako atakuambia asubuhi mpaka uombe kuondoka. Mimi nina jambo la bima tu. Najua linasikika kavu, lakini ndilo lililokurudisha nyumbani na sanduku la spana ukiwa hujamaliza chuo, na ndilo lililomfanya babu yako atembee akiangalia chini mwaka wake wa mwisho.

Wakati ananunua ile Noah wewe ulikuwa Morogoro, unasomea ufundi wa magari, kwa hiyo sehemu hii hukuiona. Mimi nilikuwa likizo, kidato cha tatu, katika ile shule ambayo ada yake ilikuwa inaumiza nyumba nzima. Mgeni akija naitwa barazani niseme kitu kwa Kiingereza. Nasema kitu, wanafurahi, narudi jikoni nikiwa nimelowa jasho mgongoni. Babu yako alitaka gari la kubeba abiria kati ya hapa na Mikumi, aendeshe mwenyewe, aache kulima kwa magoti mabovu. Akaenda kwa Shomari kukata bima, na Shomari akampa fomu yote ya Kiingereza, akamwambia si una binti msomi, kajazeni nyumbani mniletee.

Tulikaa barazani, mimi nimeshika fomu na kalamu. Nikamsomea. Nilipofika kwenye third party nikatafsiri chama cha tatu, akasema, "Mimi mambo ya vyama sitaki, ruka." Tukaruka. Nilipofika kwenye comprehensive nikakumbuka comprehension ya mtihani, nikamwambia hii ni bima ya ufahamu. Akacheka sana, akasema basi tuchukue hiyo, nasi tuonekane tuna ufahamu. Kumbe maneno yenyewe ni bima ndogo na bima kubwa, na kila dereva wa stendi anayajua. Ndogo inamlipa yule uliyemgonga wewe, kubwa inakuangalia na wewe na gari lako. Ningemuuliza mtu yeyote. Lakini msomi wa nyumba anamuulizaje muosha magari?

Hayo yalikwenda salama, kwa bahati. Halafu tukafika mahali palipoandikwa matumizi ya gari, na visanduku viwili: Private na Commercial.

"Hiyo private ndiyo nini?" akauliza.

Nikamwambia, "Binafsi."

Nilikuwa na uhakika, Idrisa. Shule yangu si ilikuwa ya private? Shule binafsi, hospitali binafsi, kitu cha mtu, kisicho cha serikali. Shule binafsi inafanya biashara kuliko duka, na bado ni binafsi. Babu yako akafikiri kidogo, akasema, "Gari ni langu mwenyewe. Siyo la serikali, siyo la kampuni. Weka hapo." Commercial mimi nikaiona ni ya mabenki na watu wakubwa. Nikaweka alama kwenye Private.

Kama ingeishia barazani ningejisamehe. Ni kosa la mtoto na mzee wasiojua. Lakini kesho yake tulirudisha fomu. Babu yako alibaki nje anaamkiana na watu, mimi nikaingia kibandani peke yangu. Shomari akaipitia, akanitazama, akaniuliza kitu kwa Kiingereza, haraka haraka, nadhani alitaka kuona kama ni kweli nasoma. Nilishika neno private na neno passengers. Katikati sikupata kitu. Ningeweza kusema samahani, rudia. Ningeweza kusema kaka Shomari, uliza kwa Kiswahili. Masikio yakawa ya moto, nikasema, "Yes, sir." Shuleni kwetu yes, sir inamaliza mazungumzo. Na hapo ikayamaliza. Sasa najua alikuwa ananiuliza kama hatubebi abiria wa kulipa.

Bei ikatoka chini kuliko babu yako alivyotegemea. Akaninunulia soda, akasimama na mimi mlangoni pa duka akimwambia kila anayepita kwamba binti yangu amenipunguzia bima, ada haijaenda bure. Niliinywa ile soda. Hata sasa nikiona soda ya rangi ile naangalia pembeni.

Ajali unaijua. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, karibu na kijiji cha Ulaya gari likateleza kwenye tope, likalala ubavu. Wengine walichubuka tu. Yule mama wa Vidunda, mama Agnes, aliyekuwa ameteremka mlimani kuuza maharage, ndiye aliyevunjika paja. Babu yako alikaa naye barabarani amemshika kichwa mpaka msaada ulipokuja, na alikuwa anamwambia asiogope, gari lina bima kubwa, atatibiwa vizuri. Fikiria hilo. Alikuwa anamwahidi kwa kutumia maneno yangu.

Kampuni ikamtuma mtu. Kijana mpole, viatu vimejaa matope. Akawauliza abiria walilipa nauli au walipewa lifti, nao wakasema walilipa, kwa nini wadanganye? Baada ya muda ikaja barua kwamba gari lilikatiwa matumizi binafsi na limekutwa likifanya biashara ya abiria, kwa hiyo hawalipi. Si gari, si paja la mama Agnes.

Babu yako akanichukua twende naye Morogoro, nikamtafsirie. Ofisini kulikuwa na mama mmoja nyuma ya meza, hakuwa mkali. Akaitoa ile fomu, akaigeuza upande wetu, akauliza, "Mzee, hii fomu aliijaza nani?"

Hati ilikuwa yangu. Zile herufi za duara nilizojifunza bwenini, kila mtu nyumbani anazijua. Nikafungua mdomo, na nakuapia kwamba niliufungua, lakini hakikutoka kitu.

"Mimi," babu yako akasema.

Yule mama akamsogezea. "Basi nisomee hapa, penye matumizi."

Akaishika karatasi kwa mikono miwili. Akaitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma kweli. Kisha akairudisha mezani taratibu, akasema, "Nimesahau miwani, mama."

Babu yako hakuwahi kuwa na miwani.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake na sare ya shule, maana nilidhani sare itatusaidia. Tulipotoka hakuniuliza habari ya fomu. Aliniuliza kama nina njaa.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe. Shamba la mpunga la Masanze likauzwa ili mama Agnes atibiwe, kwa sababu babu yako alikwishamwahidi. Ada yako ikakatika. Ukarudi. Kila ukiuliza ilikuwaje, babu yako alisema makaratasi ya watu hawa yanachanganya. Hakumtaja Shomari hata siku moja, nataka ujue hilo. Sisi wengine ndio tuliomtaja. Bibi yako alianza kwa kushuku, wewe ukamalizia, na mimi nikawapa nafasi, maana kila mlivyomsema Shomari ndivyo nilivyozidi kufunikwa. Siku ile sokoni ulipomwita mwizi mbele ya wauza nyanya, ukamuuliza shamba la babu yako amelimeza na chumvi au bila chumvi, watu wakacheka. Nilikuwa nyuma yako na kikapu. Shomari alinitazama mimi. Alikuwa anasubiri, Idrisa, na alinipa muda wa kutosha. Nikainama nikachagua nyanya. Ana kosa lake, alipaswa kumwita mzee ndani akamuuliza kwa lugha yake. Lakini mwizi siye, na baada ya hapo alifunga kibanda akahamia Dumila.

Babu yako alipolala kitandani kwa mara ya mwisho, mchana mmoja tulikuwa wawili chumbani, nikajikaza. Nikasema, "Baba, ile fomu..." Hakuniacha nifike. Akasema, "Fomu gani? Si niliijaza mimi." Akafumba macho. Alikuwa ananipa zawadi, nami nikaipokea kama nilivyoipokea soda.

Nimebeba hivyo mpaka leo, na labda ningeendelea kubeba kama si maneno yako leo wakati tunakula.

Ulikuwa na furaha, na mimi napenda kukuona na furaha, inakufanya ufanane na picha ya mama yako. Ukasema umepata mchongo Mikumi, kuna jamaa anakata bima ya private kwa bei ya kutupa, na madereva wote pale wanafanya hivyo, trafiki anaangalia stika inang'aa, basi. Ukasema safari hii hatuibiwi kama babu alivyoibiwa. Bibi yako akasema amina. Kisha ukanigeukia: "Au siyo, mama mdogo? Wewe ndiye msomi wetu."

Nikatikisa kichwa. Nilikuwa na tonge mdomoni, nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Nikanawa, nikachukua simu ya bibi yako, nikaenda nyuma ya jiko kabla magharibi haijaingia. Unajua ninavyoogopa kumpigia mtu nisiyemjua. Nilipiga nikakata, nikapiga tena. Nimeongea na mawakala watatu, na wote nimewaambia ukweli kwa Kiswahili: gari la abiria wa kulipa, linazunguka Mikumi na Kilosa, dereva ni mwenye gari.

Wa kwanza alinipa bei nzuri mno, nikaogopa. Nikamuuliza mto ukifurika gari likameza maji inakuwaje, akasema hapana, mafuriko hayamo. Kilosa hii! Unamuuzia mtu bima isiyojua maji? Wa pili bei ilisimama katikati, lakini kile kiasi unachotoa mwenyewe kwanza kila ukipata ajali, kabla wao hawajatia chao, kilikuwa kikubwa. Wanakiita excess. Zamani ningekutafsiria kwamba ni ziada tunayopewa. Maana yake ni kwamba ukigongwa taa na bampa utatengeneza mwenyewe, na bima yako itakuwa ya majanga makubwa tu. Pengine hilo ni sawa kwako, maana wewe ni fundi, lakini ulijue kabla hujalipa, usilijue ukiwa gereji. Wa tatu ndiye ghali kidogo. Mafuriko yamo, abiria wamo kwa idadi ya viti, na alinivumilia nilipomwambia arudie. Alirudia mara nyingi. Hakuna kilichonitokea.

Huyo ndiye aliyenieleza mambo ya thamani. Ukiulizwa gari ni la bei gani, taja bei ambayo lingeuzika leo Morogoro, si hela uliyotoa pamoja na viti ulivyoshona upya na maringi. Ukiipandisha unalipia hewa, kwa sababu siku ya kulipwa wataangalia soko. Ukiishusha ili ulipe kidogo, nao watakulipa kipande.

Na ile bima aliyokuachia muuzaji, anayosema bado ina miezi, ina miezi kwa jina lake. Usibebe mtu juu ya jina la mwingine. Ukikata yako, ingiza namba ya gari kwenye simu uone kama inasoma kwenye mfumo kabla hujaondoka pale, na isome abiria, isisome binafsi. Stika hata duka la kuchapisha karatasi linatoa. Mwaka ukikaribia kuisha usingoje siku ya mwisho, utakubali chochote. Wapigie na wengine, kisha umrudie wa kwako ukiwa na bei zao. Kama hujadai kitu mwaka mzima omba punguzo. Wasipoulizwa hawasemi. Mimi nawaelewa watu wasiosema wasipoulizwa.

Hiyo ya jamaa yako wa Mikumi si bima rahisi, mwanangu. Ni karatasi ya kumwonyesha trafiki, na hata ingekuwa nusu ya hapo ungekuwa umepunjwa, kwa sababu siku atakapovunjika mtu utakuwa huna kitu. Utakaa barabarani umemshika kichwa mtu kama mama Agnes. Na wewe huna shamba la kuuza. Tulishaliuza.

Nimekuandikia namba ya yule wa tatu nyuma ya karatasi hii. Tofauti ya bei ni kubwa kwa mtu anayeanza, sikudanganyi, na itabidi uchelewe kununua lile redio unalolitaka, na pengine ulaze gari siku kadhaa mpaka utimize. Lilaze. Usiliguse mpaka imesoma abiria.

Dumila nitakwenda mwenyewe. Sikutumi wewe ukaombe radhi kwa kosa langu, ingawa sokoni mdomo ulikuwa wako. Bibi yako pia nitamwambia, baada ya wewe kuondoka, ili asilie mara mbili siku moja. Atasema nimemfunua mume wake, kwamba alisema fomu aliijaza yeye, na mimi leo nasema siye. Labda ni kweli. Nimelifikiria sana. Babu yako alinificha ili nisiumie, lakini ule uficho wake leo umekaa na sisi kwenye mkeka, umekula na sisi, na kesho unataka kupanda gari na wewe. Sidhani kama hicho ndicho alichokitaka.

Ukinichukia nitaelewa. Ulipenda kile chuo. Nilikuona siku uliporudi, ulivyoliweka sanduku la spana chini polepole kama lina mtoto ndani, ukasema "Shikamoo mama mdogo," na safari hiyo hukuongeza utani. Nilitamani uongeze. Nilijua hukuwa unajua, na nikaitikia marahaba.

Sijui mama wa kweli angefanyaje. Nadhani angesema mapema. Mimi umama nilipewa na muwa mdomoni, sijui unavyofanywa, ila najua kwamba mtoto akiuliza jambo la kumwokoa hajibiwi kwa kutikisa kichwa.

Nasikia ndala zako uani, umemaliza kufunga mizigo na unakuja kuniaga kama kawaida yako, kabla bibi hajazima taa. Mkono wangu umekwishaanza kusukuma karatasi chini ya kanga. Nimeurudisha. Unapita mlango wa jikoni. Nimeiweka mezani, maandishi juu, kiti nimekivuta upande wako. Kaa, soma hapa hapa, mimi niko kitandani sitoki. Ukimaliza, niulize tena kuhusu yule jamaa wa Mikumi. Niulize kwa sauti, nami nitasema hapana.